Ukuta wa chumba cha baridi Pwani: jinsi ya kupima kama mvuke utageuka maji ndani yake

Mfanyabiashara wa samaki au matunda wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa akitaka chumba cha baridi ana njia mbili. Anaweza kununua paneli za kiwandani, au achukue stoo yake ya matofali ya inchi 6, abandike mbao nyeupe za polistairini kwa ndani, afunge waya wa kuku, apige plasta na kupaka rangi. Njia ya pili ni rahisi mfukoni na si mbaya. Shida yake ni kwamba ikikosewa hutaona kosa mapema. Maji yanajikusanya katikati ya ukuta kimyakimya, mashine inaanza kufanya kazi bila kupumzika, bili ya umeme inapanda, na siku plasta inapodondoka unakuta polistairini imelowa.

Mwongozo huu ni wa kupiga hesabu kabla fundi hajachanganya saruji. Kinachohitajika ni kikokotoo cha simu, karatasi na saa moja ya utulivu. Kabla ya hesabu yoyote, jiulize swali moja: mvuke unatoka upande gani kwenda upande gani? Miongozo mingi unayoikuta mtandaoni imeandikwa kwa ajili ya Ujerumani, Uingereza au Kanada, ambako wakati wa baridi nyumba ni ya joto na nje kuna barafu. Huko mvuke unatoka ndani kwenda nje, kwa hiyo wanaambiwa waweke nailoni upande wa ndani. Chumba cha baridi cha Pwani ni kinyume kabisa: joto na unyevu viko nje, na mvuke unasukumwa kuingia ndani mwaka mzima. Fundi anayenakili mchoro wa Ulaya bila kuugeuza anajenga mtego wa maji.

Hatua ya 1: Pata hali ya hewa ya pande zote mbili

Kwa nje usichukue joto la saa nane mchana. Chukua wastani wa mwezi mbaya kuliko yote, ambao kwa Dar es Salaam ni Machi au hapo karibu. Mimi hutumia nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80. Kwa ndani tumia hali unayokusudia kuiweka. Mfano wetu ni chumba cha nyuzi 2 na unyevu wa asilimia 85.

Ukitaka kupima mwenyewe kwa vile vipimajoto vidogo vyenye unyevu vinavyouzwa Kariakoo, kihakiki kwanza, maana vingi vinadanganya. Jaza kizibo cha soda kwa chumvi ya mezani, idondoshee maji hadi iwe kama uji mzito (isiyeyuke yote), kisha ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko au kopo lisilopitisha hewa. Kiache usiku kucha mahali pasipobadilika joto. Hewa iliyofungiwa na chumvi mbichi namna hiyo hukaa kwenye unyevu wa asilimia 75. Kipimo kikisoma 82, ujue kinazidisha 7, na utaipunguza kila unaposoma.

Hatua ya 2: Geuza asilimia kuwa mgandamizo

Asilimia ya unyevu peke yake haikuambii mvuke unakwenda wapi. Kinachousukuma ni mgandamizo wake, unaopimwa kwa paskali. Kila joto lina kikomo cha mvuke ambao hewa inaweza kubeba:

- nyuzi 0: paskali 611
- nyuzi 2: 706
- nyuzi 5: 872
- nyuzi 10: 1,228
- nyuzi 15: 1,705
- nyuzi 20: 2,337
- nyuzi 24: 2,983
- nyuzi 26: 3,361
- nyuzi 28: 3,780
- nyuzi 30: 4,243

Zidisha kikomo kwa asilimia ya unyevu. Nje: 3,780 × 0.80 = 3,024. Ndani: 706 × 0.85 = 600. Kwa hiyo tofauti ni paskali 2,424, na inasukuma kuelekea ndani. Chumba cha kugandisha cha nyuzi 18 chini ya sifuri kina kikomo cha paskali 125 tu, kwa hiyo msukumo ni mkubwa zaidi na maji yanayonaswa yanakuwa barafu inayopasua plasta.

Sasa itafute 3,024 kwenye orodha. Iko juu kidogo ya nyuzi 24, tuseme 24.2. Hilo ndilo joto la umande la hewa ya nje. Kitu chochote kilicho baridi kuliko hapo, hewa ya nje ikikigusa, kinatoa jasho. Na hili haliwahusu wenye majokofu peke yao. Ofisi yenye kiyoyozi cha nyuzi 22 ina kuta zilizo baridi kuliko joto la umande la nje, ndiyo maana ukibandua karatasi ya plastiki ya ukutani kwenye hoteli nyingi za Pwani unakuta ukungu mweusi nyuma yake.

Hatua ya 3: Tafuta joto la kila tabaka

Kwa kila tabaka gawanya unene (kwa mita) kwa uwezo wake wa kupitisha joto. Jibu ni ukinzani wa joto. Kwa ukuta wetu, kuanzia nje:

- hewa iliyogusana na ukuta nje: 0.04
- plasta ya nje, mm 20: 0.02
- tofali la saruji, mm 150: 0.125
- polistairini, mm 100: 2.50
- plasta ya ndani, mm 15: 0.015
- hewa iliyogusana na ukuta ndani: 0.13

Jumla ni 2.83. Tofauti ya joto ni nyuzi 26, na kila tabaka linachukua fungu lake kulingana na ukinzani wake. Tofali linachukua 26 × 0.125 ÷ 2.83, yaani nyuzi 1.15. Ukiendelea hivyo unapata joto la nyuzi 26.3 pale tofali linapokutana na polistairini, na nyuzi 3.3 pale polistairini inapokutana na plasta ya ndani. Tofali kubwa na zito limebaki na joto la nje karibu lote. Baridi yote imezuiwa na ile mbao nyepesi unayoweza kuibeba kwa kidole.

Hapo ndipo penye hatari: sentimita 10 tu zinatenganisha joto la Machi na joto la friji.

Hatua ya 4: Tafuta mgandamizo wa kila tabaka

Mvuke nao unapita ukutani kwa fungu, ila vizuizi vyake ni vingine. Kila nyenzo ina namba inayosema inazuia mvuke mara ngapi kuliko hewa tulivu ya unene uleule. Zidisha namba hiyo kwa unene, upate mita za hewa ambazo tabaka hilo linalingana nazo:

- plasta ya nje: 10 × 0.02 = mita 0.2
- tofali: 15 × 0.15 = mita 2.25
- polistairini: 60 × 0.10 = mita 6
- plasta ya ndani: 10 × 0.015 = mita 0.15

Rangi na nailoni hazihesabiwi kwa unene, zina mita zake moja kwa moja. Rangi ya maji ni kama 0.1. Rangi ya mafuta ni kama 3. Nailoni ya mm 0.15 ni kama 50. Namba ya tofali ndiyo ya kuiangalia kwa wasiwasi, maana tofali la mtaani lililokandamizwa kwa mkono na lile la mashine yenye mtikisiko si ndugu. Piga hesabu mara mbili, na namba kubwa na ndogo, uone kama jibu linageuka.

Jumla yetu bila rangi ni mita 8.6. Paskali 2,424 ÷ 8.6 ni karibu 282 kwa kila mita. Kutoka 3,024 ya nje, ukishatoka kwenye tofali unabaki na 2,334, na ukishatoka kwenye polistairini unabaki na 642.

Hatua ya 5: Linganisha, kisha ubadilishe kitu kimojakimoja

Kwenye kila mpaka kati ya tabaka mbili weka namba mbili kando kwa kando: mgandamizo uliopo, na kikomo cha joto la hapo. Uliopo ukivuka kikomo, mvuke unageuka maji.

Nyuma ya tofali: uliopo 2,334, kikomo cha nyuzi 26.3 ni karibu 3,420. Salama. Nyuma ya plasta ya ndani: uliopo 642, kikomo cha nyuzi 3.3 ni 775. Salama, ingawa kwa wembamba. Ndani ya polistairini yenyewe igawe vipande vinne ufanye vilevile, kwa sababu mstari wa kikomo umepinda na unaweza kukugusa katikati ingawa miisho yote miwili ni mizima. Ukuta huu unapita.

Sasa afisa wa afya anataka ukuta unaooshwa, na unapaka rangi ya mafuta kwa ndani. Mita zinakuwa 11.6, na kila mita inabeba 209 tu. Nyuma ya plasta ya ndani sasa mgandamizo ni 1,258 dhidi ya kikomo kilekile cha 775. Kopo moja la rangi limegeuza ukuta mzima. Mvuke unaingia kwa kasi karibu ileile kutoka nje lakini mlango wa kutokea umefungwa.

Aliyesoma mwongozo wa Ulaya akaweka nailoni chini ya plasta ya ndani amefanya jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Nyuma ya nailoni mgandamizo ungetaka kufika 2,674. Hakuna hewa ya nyuzi 3 inayoweza kubeba hiyo.

Ichukue nailoni ileile uipeleke kati ya tofali na polistairini, rangi ya mafuta uiache ndani. Jumla ni mita 61.6, kila mita karibu paskali 39. Kabla ya nailoni uliopo ni 2,928 dhidi ya 3,420. Baada ya nailoni unashuka hadi 960, na nyuma ya plasta ya ndani ni 724 dhidi ya 775. Umepita, pamoja na rangi yako. Lami ya kupaka mikono miwili au mitatu juu ya plasta laini inafanya kazi hiyohiyo na mara nyingi ni bora, kwa kuwa haina maungio na inang'ang'ania kwenye kona. Hakikisha tu ni ya maji: lami yenye petroli inayeyusha polistairini.

Mtu aliyebuni mpangilio huu wa kulinganisha mistari miwili ni Mjerumani, Helmut Glaser, mwishoni mwa miaka ya 1950, na aliuandika kwa ajili ya wataalamu wa majokofu. Leo uko ndani ya kanuni ya kimataifa ya ISO 13788 na unatumika zaidi kwa nyumba za kuishi, ila chumba cha baridi ndicho nyumbani kwake.

Hatua ya 6: Kama kuna maji, ni gramu ngapi?

Kusema tu "kuna hatari" hakumsaidii mwenye mali. Hesabu kiasi, tuseme kwa ule ukuta wenye rangi ya mafuta ndani na bila nailoni. Chukua kinachoingia mpaka pale penye maji: (3,024 − 775) ÷ 8.45 = 266. Kinachotoka kupitia plasta na rangi ya mafuta: (775 − 600) ÷ 3.15 = 56. Kinachobaki ni 210. Kizidishe kwa 0.0173 upate gramu kwa kila mita ya mraba kwa siku: karibu 3.6.

Ni kijiko kisichojaa. Lakini zidisha kwa siku 365 na unapata kilo 1.3 kwa kila mita ya mraba. Kanuni ya Kijerumani ya DIN 4108 inaruhusu kilo 1 kwa kipindi chote cha baridi, na nusu kilo pale ambapo tabaka halinyonyi maji, kwa sharti kwamba yote yakauke kiangazi. Sisi hatuna kiangazi cha kukausha. Juni hadi Agosti mvuke wa Pwani unapungua nguvu, ila hauwahi kugeuka kutoka ndani kwenda nje maadamu mashine inawaka. Kwa hiyo kwa chumba cha baridi kinachofanya kazi mwaka mzima Pwani nashikilia kipimo kimoja: sifuri. Maji yoyote yanayojikusanya yatazidi kujikusanya.

Hatua ya 7: Tafuta yasiyomo kwenye hesabu

Hesabu ya hatua zilizotangulia inadhani ukuta hauna tundu. Ukuta halisi una tundu la bomba la gesi ya mashine, la waya wa taa, la bomba la maji ya kuyeyusha barafu, na nafasi kuzunguka fremu ya mlango. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nje ya nyuzi 28 ina karibu gramu 22 za mvuke. Ikipenya ukutani na kupoa hadi nyuzi 2 inaweza kubaki na 5.6 tu, na gramu 16 zinabaki humo. Yaani hewa ya ukubwa wa boksi la friji inayopenya kwenye tundu moja inaleta maji mengi kuliko yale yanayojikusanya kwenye mita nne za mraba za ule ukuta wa rangi ya mafuta kwa siku nzima. Simama juu ya fundi wakati wa kuziba matundu. Bomba lipite kwenye mfereji wa plastiki, pembeni lijazwe povu, na upande wa nje, ule wa joto, lifungwe kwa lami au silikoni. Kuziba upande wa ndani peke yake ni kama kutoziba.

Pili, angalia lenta na slabu. Polistairini ikikatika mahali zege linapopita kutoka ndani hadi nje, hapo pana ukuta mtupu. Piga hesabu ya haraka: bila polistairini ukinzani wote ni 0.33, na uso wa nje unakuwa na nyuzi 24.8, juu kidogo tu ya umande wa 24.2. Hiyo ni kwa ukuta unaopigwa upepo. Kama upande wa pili ni korido iliyofungwa, hewa imetulia, ukinzani wake unapanda kutoka 0.04 hadi 0.13 na uso wa zege unashuka hadi nyuzi 20. Hapo jasho linatiririka hadi sakafuni, na watu wanamlaumu fundi bomba. Tiba si kubwa: polistairini ya mm 25 juu ya zege upande wa korido inaurudisha uso juu ya nyuzi 24.2, nayo ipigwe plasta na rangi vizuri.

Tatu, jua baada ya mvua. Wakati wa masika ukuta wa magharibi unalowa, kisha jua la saa tisa linaupasha. Plasta iliyolowa ikifika nyuzi 40 ina mgandamizo wa paskali zaidi ya 7,000, mara mbili na zaidi ya ule tuliouanzia. Hesabu ya Glaser haioni hilo kabisa. Kinga yake ni upenu mpana, plasta isiyo na nyufa, na kile kizuizi (nailoni au lami) kukaa nyuma ya tofali na si juu ya plasta ya nje, ambako nyufa za mwaka wa pili zitaingiza mvua na kuifungia.

Unyevu wa kupanda kutoka msingini ni habari nyingine. Kama hakuna nailoni ya msingi, usianze chumba cha baridi hapo.

Hatua ya 8: Kama ukuta umeshajengwa

Usiamini macho wala kiganja. Thamomita ya infraredi inasaidia kupata sehemu zilizo baridi kwa nje, zile zinazokaribia nyuzi 24 wakati ukuta wote uko 27, lakini usiielekeze kwenye bati au karatasi ya kung'aa, inasoma uongo. Weka alama kwa chaki. Hapo ndipo polistairini imekatika au imelowa, kwa kuwa maji yanapitisha joto mara kumi na zaidi kuliko polistairini kavu.

Kisha chagua alama moja na sehemu moja inayoonekana nzima, na kwenye kila moja kata kipande cha polistairini cha sentimita 10 kwa 10 kwa kina chote cha sentimita 10. Kitie kwenye mfuko hapohapo, ufunge, ukipime kwenye mizani ya jikoni. Kipande hicho ni lita moja ya ujazo, na polistairini ya kawaida ya ujenzi ikiwa kavu ina uzito wa gramu 15 hadi 20. Kikisoma 25, fuatilia tena baada ya miezi sita. Kikisoma 60, zaidi ya nusu ya uzito huo ni maji, na kukwangua rangi ya ndani hakutakutoa hapo. Itabidi polistairini ya upande huo itoke, tofali likauke huku mashine imezimwa, na kazi ianze upya kwa lami juu ya tofali. Ziba matundu uliyokatia siku hiyohiyo, kuanzia upande wa tofali.